Somo la Kiingereza: Neno 'Eschew'



Katika somo hili twachukua neno moja la Kiingereza na kulipepeta kama mchele katika ungo, ili kila mmoja aione punje na auone mchanga. Safari hii tumechagua kitenzi 'eschew'. Ni neno dogo, wala halisikiki sokoni wala katika basi. Lakini limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, limo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, na hata leo limo katika magazeti, hotuba na mitihani. Katekista asomaye vitabu vya mafafanuzi vya Kiingereza atalikuta. Kijana wa sekondari atalikuta. Na atakayelielewa vibaya aweza kufundisha kinyume kabisa cha alichosoma.

Kazi ya kuchunguza maneno si ngeni katika Kanisa letu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu huko Unguja, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, ili wageni waijue lugha yetu. Sisi twafanya kazi ile ile kutoka upande wa pili: mgeni alijifunza maneno yetu ili aseme nasi, nasi tujifunze ya kwake ili tujue anasema nini.

1. MATAMSHI NA MAANA

Tuanze na ulimi. 'Eschew' hutamkwa kana kwamba imeandikwa 'es-chuu', na 'ch' yake ni ile ile ya chumba na chuo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hapa sharti tukaze ya mwisho: es-CHUU. Ukimsikia mwingine akisema 'eshuu' usimcheke, kwa maana wako Waingereza wasemao hivyo. Walakini ukisimama mbele ya watu, ile ya kwanza ndiyo salama.

Sasa tahadhari moja. Ndani ya neno hili jicho laona 'chew', yaani kutafuna. Mwanafunzi apendaye kubahatisha aweza kudhani kwamba mtu anaye-'eschew' uovu anautafuna! La hasha. Maneno hayo mawili si ndugu hata kidogo. 'Chew' ni neno la Kiingereza cha kale chenyewe. 'Eschew' liliingia kutoka Kifaransa cha kale yapata karne ya 14, nao Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani, ambao kwao lilikuwa na maana ya kuogopa kitu na kukaa mbali nacho. Katika shina hilo hilo Waingereza wamepata neno 'shy', yaani mwenye haya, na Wajerumani wa leo wanalo neno 'scheuen'.

Basi maana yake ni nini? 'Eschew' ni kujiepusha na jambo kwa makusudi, kwa sababu umeona halifai au halipatani na msimamo wako, ingawa ungeweza kulifanya. Tushike mambo matatu. Kwanza, pana hiari: mlango uko wazi nawe hukuingia. Pili, pana sababu iliyo moyoni. Tatu, aghalabu ni mwenendo wa siku zote, si tukio la mara moja.

Kwa hiyo hatusemi kwamba dereva 'eschewed' shimo la barabarani. Dereva hana msimamo wa moyoni juu ya mashimo. Yeye ataka tu gurudumu lake lisivunjike. Hapo tutasema 'avoided'. Lakini mtu aliyekata shauri kutokunywa pombe maisha yake yote, ingawa fedha anayo na kilabu iko jirani, huyo twaweza kusema: 'He eschews alcohol.'

2. MAHALI LINAPOPATIKANA

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iitwayo King James, neno hili limo mara nne tu. Mara tatu ni katika kitabu cha Ayubu, yaani 1:1, 1:8 na 2:3; na mara moja ni katika 1 Petro 3:11. Msomaji akifungua Ayubu ataliona pia katika umbo la 'escheweth'. Asishtuke. Mwisho huo wa '-eth' ni wa Kiingereza cha zamani. Leo twaandika 'eschews'.

Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 limo pia. Zaburi zilizomo humo ni za tafsiri ya Miles Coverdale, iliyo ya zamani kuliko ile ya 1611, na katika Zaburi ya 34 mstari wa 14 Coverdale ametumia 'eschew'. Zaburi hiyo ndiyo aliyoichota Mtume Petro katika waraka wake. Jambo la ajabu ni kwamba wafasiri wa 1611, walipofika katika Zaburi ile ile, walitumia neno 'depart', yaani ondoka, bali katika Petro wakatumia 'eschew'. Basi hapo twajifunza kwamba hata wataalamu hao waliyaona maneno hayo mawili kuwa majirani.

Tena limo katika sala ya siku ya Jumapili ya tatu baada ya Pasaka. Sala hiyo yawaombea wote waliopokewa katika ushirika wa Kristo, ili waachane na yale yanayopingana na ukiri wao. Angalieni jinsi neno linavyofaa hapo. Hawaombewi waokoke na ajali. Wanaombewa wachague.

Biblia za Kiingereza za miaka ya karibuni zimeliacha neno hili. Katika habari ya Ayubu, Revised Standard Version imetumia 'turn away', na New International Version imetumia 'shun'. Katika Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952, kwa Ayubu twakuta kitenzi 'kuepukana', na kwa Petro twakuta 'kuacha'. Vyote viwili ni sahihi, na tukiviunganisha twapata maana kamili: kuacha, na kukaa mbali na ulichokiacha.

3. PICHA NNE ZA TENDO MOJA

Kila lugha ina picha yake, na yafaa tuzitazame, kwa maana picha hukaa kichwani kuliko maelezo.

Kiebrania cha Ayubu chatumia kitenzi 'sur', maana yake kugeuka kando. Ni picha ya msafiri aliyefika njia panda, akaiacha njia moja. Kiyunani cha Petro chatumia 'ekklino', maana yake kujipinda na kupisha pembeni. Nayo ni picha ya njia, lakini hapa mwili wenyewe wajikunja.

Ile sala ya Jumapili ya tatu baada ya Pasaka ilikuwa ya Kilatini kabla Askofu Mkuu Thomas Cranmer hajaitia katika Kiingereza kwa ajili ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Katika Kilatini kitenzi chake ni 'respuere', maana yake kutema nje. Basi yule mwanafunzi aliyedhani kwamba neno hili ni kutafuna, na ajue kwamba katika sala hii lilisimama mahali pa kutema!

Na Kiswahili je? Sisi tuna picha nzuri kuliko tunavyodhani. Mama akiona chakula kimeiva huepua chungu motoni. Katika 'epua' twapata 'epuka', na katika 'epuka' twapata 'epusha', 'epukana' na 'jiepusha'. Kwa hiyo mtu ajiepushaye na uovu ni kama ajiepuaye mwenyewe motoni. Chungu hakiwezi kujiepua, sharti mkono uje. Mtu aliyepewa hiari aweza kuanza kwa kuunyosha mkono wake mwenyewe, huku akiomba msaada wa ulio mkubwa zaidi.

4. NDUGU ZA NENO HILI

Kiingereza kina maneno kadhaa ya kukaa mbali na kitu, wala hayalingani. Tuyatazame moja moja.

'AVOID' ni kuepuka kwa jumla. Hili ndilo pana kuliko yote. Waweza ku-'avoid' shimo, mvua, ugomvi, au mtu anayekudai. Halisemi lolote juu ya moyo wako. Ndilo hutumika katika maandishi ya onyo, mathalani juu ya chupa ya dawa: ukiona 'avoid' mbele ya jina la kitu, jua kwamba waambiwa usikitumie au usikikaribie muda wote unapotumia dawa ile. Anayelichukulia kuwa shauri tu, si onyo, aweza kujidhuru.

'EVADE' ni kukwepa. Hapa pana ujanja: kuna wajibu, swali au mtu anayekufuata, nawe wateleza usishikwe. Mtuhumiwa hu-'evade' polisi. Mtu aliyeulizwa habari za mapato akajibu habari za mvua ame-'evade' swali.

Tofauti ya 'avoid' na 'evade' si ya vitabuni tu. Yaweza kumpeleka mtu mahakamani. Katika sheria za Kiingereza 'tax avoidance' ni kupanga mambo yako ndani ya sheria ili kodi ipungue, bali 'tax evasion' ni kuficha mapato au kusema uongo, nalo ni kosa la jinai. Katika miaka ya 1930 ilikuwako kesi mashuhuri ya Duke wa Westminster, tajiri wa Uingereza aliyemlipa mtunza bustani wake kwa hati ya ahadi badala ya mshahara wa kawaida, ili kodi yake ipungue. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali kwamba hakuvunja sheria. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2013 Uingereza ilitunga kanuni ya jumla ya kuzuia hata ule upunguzaji wa kodi unaotumia sheria vibaya. Basi ndugu, mtu aweza kuwa 'avoider' asiye na hatia mbele ya hakimu, na bado moyo wake ukamwuliza maswali usiku.

'SHUN' ni kujitenga na kitu au mtu kwa kumkwepa daima, mara nyingi kwa chuki, hofu au kinyaa. Hili ni neno zito, na hatari yake ni kwamba aghalabu hutumika kwa watu. Tutalirudia.

'ABSTAIN' ni kujizuia na kitu ambacho mwili au nafsi hukitamani, kama chakula siku ya kufunga. Hutumika pia kwa kura: aliye-'abstain' alikuwapo mkutanini lakini hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Na 'ESCHEW', kama tulivyosema, ni kujiepusha kwa msimamo.

Tuyaweke yote katika mfano mmoja. Watu watano wamealikwa katika karamu ya ulevi. Wa kwanza amepitia njia nyingine asionane na mwenye karamu: huyo ame-'avoid'. Wa pili ametuma habari ya uongo kwamba anaumwa: huyo ame-'evade'. Wa tatu tangu siku ile hataki hata kumsalimu mwenye karamu: huyo ame-'shun'. Wa nne amekwenda, akala wali, lakini pombe hakuionja: huyo ame-'abstain'. Wa tano amemwambia mwenyeji wake kwa adabu kwamba yeye ameacha karamu za namna hiyo kwa sababu ya ukiri wake, akamwalika kwake kesho kwa chai: huyo ndiye aliye-'eschew'. Ameuacha ulevi, mtu hakumwacha.

5. KANUNI ZA SARUFI

Hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapojikwaa, na sababu yake yajulikana. Sisi twasema 'kujiepusha NA uovu', 'kuepukana NA ugomvi'. Kile kiunganishi 'na' chatufuata mpaka katika Kiingereza, tukaandika 'eschew from evil' au 'avoid from quarrels'. Hayo ni makosa. Vitenzi hivi vinne, 'avoid', 'evade', 'shun' na 'eschew', huchukua jina moja kwa moja bila neno la kati. Ni 'abstain' na mwenzake 'refrain' tu ndivyo vinavyotaka 'from'.

Kanuni ya pili. Baada ya 'avoid' na 'eschew', kitenzi kikifuata sharti kiwe na mwisho wa '-ing'. Tuandike 'She avoided answering', wala si 'avoided to answer'. Tuandike 'They eschew borrowing', wala si 'eschew to borrow'.

Kanuni ya tatu ni ya adabu ya lugha. 'Eschew' ni neno la maandishi na la hotuba. Mtu akimwambia mpishi kwamba ana-'eschew' pilipili, atasikika kama mtu aliyevaa joho la sherehe kwenda kuteka maji. Waingereza wenyewe wanao mzaha juu ya neno hili: humwonya mwandishi a-'eschew' maneno magumu, wakiliweka onyo lenyewe katika maneno magumu kiasi kwamba mwandishi haelewi ameonywa nini. Basi tulitumie mahali pake. Penye shimo la barabarani, 'avoid' yatosha.

6. NI JAMBO AU NI MTU?

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Msomaji na aangalie kile kinachofuata baada ya kila kitenzi. Kwa desturi ya Kiingereza cha leo, baada ya 'eschew' huja jambo: uovu, anasa, jeuri, kiapo, umaarufu. Ni nadra sana kukuta mtu. Baada ya 'shun', mtu huja upesi kabisa.

Tupate mfano kwa watu wanaoyatenda yote mawili mbele ya macho ya dunia, nao ni Waamishi wa Marekani. Hao ni Wakristo waliotokana na Waanabaptisti wa Uswisi na nchi jirani. Leo wengi wao wanakaa Pennsylvania, Ohio na Indiana, nao hujulikana kwa magari yao ya kukokotwa na farasi. Waingereza husema kwamba Waamishi 'eschew' kumiliki motokaa. Tulitazame neno hilo vizuri. Wengi wao hukubali kupanda gari la jirani asiye Mwamishi, wakienda hospitali au safari ya mbali. Kwa hiyo hawa-'avoid' motokaa, maana wamo ndani yake! Walichokiacha ni kuimiliki, kwa kuwa waliona kwamba kila nyumba ikiwa na gari lake, watu watatawanyika na ujirani utakufa. Hiyo ndiyo 'eschew' halisi: si hofu ya chuma, bali ni msimamo juu ya maisha.

Lakini watu hao hao wanayo desturi nyingine, iitwayo kwa Kijerumani 'Meidung', na kwa Kiingereza 'shunning'. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima, akavunja ahadi zake asitubu, huondolewa katika ushirika, na baada ya hapo wenzake hawali naye meza moja. Katika mahali pengi hawapokei kitu mkononi mwake wala hawafanyi naye biashara. Hutegemea maonyo ya Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 5. Kusudi lao, wasema, ni kumrudisha, na akitubu hupokewa tena. Lakini desturi hiyo ina gharama yake. Kundi lenyewe la Waamishi lilizaliwa kwa sababu yake: mwaka 1693 Jakob Ammann alitengana na wenziwe Waanabaptisti, na mojawapo ya hoja kubwa ilikuwa kama mtu aliyetengwa aepukwe hata mezani. Ndugu wa imani moja, waliokuwa wameteswa pamoja, waligawanyika juu ya kitenzi cha kuepuka.

Hatuandiki haya ili tuwahukumu. Kila kanisa lina nidhamu yake, na la kwetu pia lina yake. Twataka tu msomaji aone kwamba kutoka 'kuacha tendo' mpaka 'kumwacha mtu' ni hatua moja fupi, na watu wengi huipiga bila kuangalia chini.

7. TURUDI KWA AYUBU

Tulisema kwamba katika Biblia ya 1611 neno hili limo mara tatu katika Ayubu, na mara zote tatu lamsifu yeye. Ayubu ndiye mfano wa mtu aliyejiepusha na uovu. Sasa tusome mbele mpaka sura ya 19, mistari ya 13 hadi 19. Huko Ayubu analia kwamba ndugu zake wamekaa mbali, waliomjua wamekuwa wageni, watumishi wake hawamwitikii, mkewe hawezi kuvumilia pumzi yake, watoto wadogo wanamdharau, na rafiki wa ndani wanamchukia.

Je, tumeona? Yule aliyeuepuka uovu ameepukwa yeye. Na waliomwepuka walidhani wanafanya vema. Rafiki zake walikwisha kukata shauri kwamba mtu mwenye mateso kama haya hana budi ni mwovu. Kwa hiyo kumwepuka Ayubu kwao kulikuwa sawa na kuuepuka uovu. Walichanganya 'eschew' na 'shun'. Mwisho wa kitabu Mungu anawaambia kwamba hawakunena ipasavyo, na anawatuma kwa yule yule waliyemlaumu ili awaombee.

Kosa la rafiki za Ayubu halikufia katika Agano la Kale. Kiswahili kina neno lake: kunyanyapaa, yaani kumtenga mtu kwa kinyaa. Zamani lilikuwa neno la watu wachache, lakini tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipoonekana kwetu, na katika Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, unyanyapaa umekuwa neno la kila zahanati na kila mkutano. Watu walitengewa vikombe. Wako waliozikwa kwa haraka na minong'ono. Na mara nyingi waliofanya hivyo walisema kwamba wanauepuka uovu.

Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, padre wa Kanisa Anglikana la Uganda, alisimama na kusema wazi kwamba yeye ana virusi vya ugonjwa huo. Anatajwa kuwa kiongozi wa dini wa kwanza katika Afrika kutangaza hivyo hadharani. Wakati ule mtu aliyesema neno hilo alijua kwamba aweza kukosa wa kukaa naye benchi moja. Aliendelea na kazi ya kuwatetea wanaoishi na virusi, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani. Twamtaja hapa kwa sababu alitusaidia kusoma sarufi ya jambo hili: ugonjwa na uepukwe, mgonjwa asiepukwe. Leo twajua kwamba virusi havipiti kwa kikombe wala kwa kushikana mikono, na kwamba aliye katika dawa akapunguza virusi mpaka visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi hata kisingizio cha hofu kimeondolewa.

Kwa hiyo kabla hatujasema kwamba tunajiepusha, na tujiulize swali la mwanafunzi wa sarufi: baada ya kitenzi chetu, limekuja jambo au limekuja jina la mtu?

8. MAZOEZI

Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: avoided, evaded, shunned, eschewed, refrain.

(a) The driver ...... the goat by turning sharply.
(b) The trader was fined because he had ...... tax for three years.
(c) Although he was offered a large house, the old teacher ...... luxury and lived in two rooms.
(d) When her illness became known, the neighbours ...... her.
(e) Please ...... from smoking in the church hall.

Kisha sahihisha sentensi hizi mbili:

(f) He eschews from strong drink.
(g) They avoided to meet the treasurer.

Usitazame majibu kabla hujaandika ya kwako.

Majibu: (a) avoided, kwa kuwa ni tukio la mara moja na mbuzi hana kosa. (b) evaded, kwa kuwa alificha. (c) eschewed, kwa kuwa nyumba aliweza kuipata akaiacha kwa msimamo. (d) shunned. Aliyeandika 'eschewed' hapa na arudie sehemu ya sita na ya saba, maana amemfanya mama huyo kuwa uovu. (e) refrain, kwa sababu ya 'from'. (f) He eschews strong drink. (g) They avoided meeting the treasurer.

Walio na vikundi vya vijana waweza kuongeza zoezi moja. Kila mmoja aandike kwa Kiingereza sentensi mbili za kweli juu ya maisha yake: moja ya jambo analo-'eschew', na moja ya mtu ambaye watu wa mahali pake wana-'shun'. Ile ya kwanza isomwe kwa sauti. Ile ya pili isisomwe, wala jina la mtu huyo lisiandikwe. Mwandishi wake aikunje na kuitia mfukoni, na kabla ya Jumapili aende kumjulia hali mtu huyo.

Twawatakia masomo mema.